Ijumaa Nitapiga Hodi

Mwabungo,
Nyuma ya kisima cha Mzee Menza,
Kwale.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa mwanangu Sanga,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia tu, maana shikamoo yako ilinipotea tangu mwezi wa tano na sijui imekwama wapi. Ikifika siku yoyote itakuta nimeshaijibu.

U hali gani? Joto la huko Doha linasemaje? Hanifa ananiambia mwezi huu mtu akitoka nje mchana ni kama ameinamia tanuri la mikate. Unakula? Kifua hakikubani? Na lile ghala mnalofanyia kazi, wamewatilia viyoyozi au bado mnapepewa na feni moja watu wote? Nauliza yote kwa pamoja kwa sababu kwenye simu sipati nafasi ya kuuliza hata moja. Simu inaita, inaita, inachoka yenyewe. Ujumbe naona umesoma. Zile alama mbili za buluu sasa nazijua kuliko sura yako.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baridi imetushika, asubuhi watu wanajitanda leso mbili mbili. Baba yako kule Msambweni goti lake limetulia, anatembea mpaka msikitini bila bakora, na ubishi wake nao umerudi na afya. Mimi mikono inaniuma kidogo kwa sababu ya makuti. Hoteli mbili za Diani zinaezeka upya na sisi wasukaji hatupumui. Upande wa jikoni nimeuezeka na mimi. Mvua ya safari hii haikunitonea hata tone.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Hanifa, mtoto wa mama yako mdogo, anayerudi kazini huko Doha Jumanne. Nimempa barua na chupa ya achari ya ndimu, na nimemwambia vyote avitie mkononi mwako mwenyewe, asimwachie mtu, wala asiondoke mpaka akuone umefungua. Achari utafungua baadaye.

Haya. Sasa nije kwenye shauri langu.

Umenitoa kwenye timu. Nasema hivyo hivyo bila kupaka mafuta. Uliniandikia, “Shangazi, pumzika kidogo, nafasi yako nampa Rai.” Pumzika! Nani alikwambia nimechoka? Mimi nasuka makuti tangu kabla hujazaliwa, sijawahi kumwambia mtu niachie nipumzike, nije nichokeshwe na simu? Kisha baada ya hapo ukanyamaza. Mchezo umenitoa na simu hupokei. Hilo la pili ndilo lililoniuma, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Hebu nikukumbushe nilivyoingia, maana naona umesahau. Ulipokwenda huko mwanzo tulikuwa tunaongea vizuri tu. Kisha ikawa “niko sawa, Shangazi,” na kimya. “Chakula kipo?” “Kipo.” “Kazi?” “Poa.” Basi. Maneno ya mtu aliye mlangoni anataka kutoka. Nikawa nikikata simu nabaki naiangalia kama ndiyo yenye makosa.

Siku moja nikaenda Ukunda kwa Munee, yule fundi wa simu wa karibu na stendi, simu yangu ilikuwa haishiki chaji. Nikawa namlalamikia kwamba wewe umekuwa bubu. Munee akaniambia, “Bubu? Sanga huyu huyu? Mama, huyo jamaa kila Ijumaa yuko kwenye Kisiwa, anaongea mpaka tunamwambia anyamaze!”

Ndipo akanionyesha huo mchezo wenyewe. Watu mnashushwa kisiwani kwa miavuli, timu za watatu watatu, mnaokota silaha majumbani, mnawindana, na duara la moto linawabana mpaka ibaki timu moja. Na mnaongea. Hilo ndilo nililolisikia mimi. Mnaongea muda wote, hata adui aliye karibu huwasikia. Nikamwambia Munee, nitie humo. Akanitazama kutoka ushungi mpaka makubazi. Nikamwambia tena, nitie humo, au nikatafute fundi mwingine.

Walahi, Sanga, sijawahi kuona kitu kigumu vile. Kushona kwa cherehani nilijifunza, kuendesha pikipiki ya marehemu mume wangu nilijifunza, watu wakanicheka na nikajifunza. Lakini hiki! Kumbe kutembea ni kidole kimoja na kutazama ni kidole kingine. Nani duniani anatembea kwa kidole kimoja na kutazama kwa kingine? Mchezo wangu wa kwanza wote niliutazama mchanga. Wa pili niliutazama mbingu. Nilikuwa nasikia risasi zinalia na mimi naangalia mawingu, mpaka nikaambiwa nimekufa.

Tena vidole vyenyewe simu ilikuwa haivisikii. Munee alidhani kioo kimeharibika. Akajaribu yeye, kinafanya kazi. Nikajaribu mimi, kimya. Kumbe ni sugu za makuti, ngozi imekuwa kama gome. Nikaja nyumbani nikachukua lile jiwe la kusugulia visigino nikasugua vidole gumba vyote viwili, nikapaka mafuta ya nazi, nikafuta. Tangu siku hiyo hivi viwili sivitii kwenye ukindu wa kushonea makuti bila kuvifunga kitambaa. Wenzangu kwenye makuti wakawa wananiuliza, Twaiba umejikata? Nikawaambia, la, naviweka akiba.

Na matusi! Vitoto havijaota hata ndevu vinanitukana kwenye maikrofoni. Kimoja kikaniambia, “Mama, rudi jikoni.” Nikakijibu, “Nimetoka huko sasa hivi, wali uko kwenye makaa.” Kikacheka, kikaniua. Nikageuza wali, nikarudi mchezoni.

Munee mwenyewe aliniambia niache. Alisema kwa upole, na mimi nikamjibu kwa upole huo huo kwamba sitaacha. Ndipo akanipa shauri la maana: nisitake kushinda, nitake jambo moja tu kwa wiki. Wiki ya kwanza ilikuwa kutembea bila kugonga ukuta. Nikaenda kwenye kile kiwanja cha mazoezi kisichokuwa na watu, nikawa nazunguka minazi yao ile ya uongo, nazunguka, nazunguka, mpaka kidole kikazoea. Ya pili, kufungua mlango. Ya tatu, kuokota bunduki bila kuokota sufuria. Nikifa, sikimbilii mchezo mwingine. Naangalia yale marudio, namtazama aliyeniua alisimama wapi na mimi nilikuwa nafanya upuzi gani. Wanaonitukana nawazima sauti. Yale majedwali ya nani kaua wangapi siyafungui kabisa, kwa sababu hayanisaidii kitu ila kunipandisha presha.

Halafu nikagundua kwamba masikio yangu ni mazuri kuliko vidole. Ukivaa visikizi unasikia nyayo. Kwenye mbao zinasikika vingine, kwenye nyasi vingine, na anayepanda ngazi hajifichi. Mimi nimekulea wewe, nilikuwa nakusikia ukitoroka kwa dirisha la nyuma kwenda kutazama mpira. Nyayo nazijua.

Nilipokuwa naweza kujiendesha ndipo nikakutafuta. Unakumbuka siku ile? Jina langu likatokea, ukauliza, “Nani huyu?” Nikasema, “Ni mimi, Shangazi yako, wapi naokota risasi?” Ukapiga kelele! Ukamwita Kahindi, huyo mwenzio wa chumbani, ukamwambia, “Bwana, njoo usikie, Shangazi kaingia Kisiwani!” Ukacheka mpaka ukakohoa. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu uwanja wa ndege.

Tukawa watatu, wewe na Kahindi na mimi, kila Ijumaa baada ya alasiri, na Mungu alivyo mwema saa yenu na yetu ni moja. Katikati ya risasi ukawa unanisimulia mambo. Ulinieleza habari za yule msimamizi wenu anayewahesabia dakika za chooni. Uliniambia umeota mama yako, Mungu amrehemu, amekaa barazani kwangu anachambua mchele. Hilo kwenye simu ungeniambia? Usingeniambia hata kidogo. Mtu mikono yake ikiwa na kazi mdomo hulegea, nimeyaona hayo kwenye makuti maisha yangu yote. Nikawa nachelewesha kufa ili uendelee kusimulia.

Sasa ile siku ya mwezi wa tano. Sikukatalii, tulikuwa tumebakia timu mbili, mchezo mzuri kuliko yote tuliyocheza, na ukishinda unaingia mashindano ya kanda. Wewe umelala chini umejeruhiwa. Kahindi ameshakufa anapiga makelele masikioni. Mimi nimefika kwenye ile nyumba ya bati jekundu, na nyayo nazisikia, adui yumo. Nikasimama mlangoni. Nikasema, “Hodi!”

Ukaguta, “Shangazi!” Na yule aliye ndani, maskini, akaitika, “Karibu!” Nikaingia. Nimekaribishwa, nifanyeje? Akanimaliza.

Kahindi alicheka. Wewe hukucheka. Nasikia wale vijana walikata kile kipande wakakisambaza, watu wakawa wanakutumia huko ghalani: hodi, karibu, pa! Nasikia walikuita mpwa wa Hodi mpaka kwenye foleni ya chakula. Pole. Nakupa pole ya kweli, mwanangu, kuchekwa ugenini ni kubaya. Lakini msamaha siombi, sikia vizuri. Katika nyumba hii nani alikufundisha kwamba haingiwi kwa mtu bila hodi? Ulipokuwa na miaka sita uliingia kwa Mzee Menza kimya kimya, nikakurudisha nje ukaanza upya. Mdomo huu umesema hodi miaka hamsini. Ulitaka uache kwa sababu ya bunduki ya kuchora?

Basi ukanipumzisha. Nililia, sikufichi. Nililia jikoni, moshi ukanisaidia, kwamba mtu akiingia aseme ni moshi. Sikulilia mchezo. Nilikuwa nimekupata kisha nikakupoteza tena, na safari hii ulijiondoa mwenyewe. Kisha nikanawa uso. Nikajiambia, Twaiba, mlango mmoja umefungwa, lakini nyumba hujaisahau iko wapi. Nikachukua simu nikarudi kiwanja cha mazoezi.

Kabla sijaendelea, nikwambie baba yako alikuja. Alisikia kwa watu. Alitoka Msambweni na kanzu yake ya Ijumaa, akakataa kukaa, akasema ni aibu, mtu mzima mwenye ushungi wake anashinda kwenye simu na bunduki, watu wanasema nimeingiliwa na wazimu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza, “Wewe, Mwero, mwanao ulimsikia akicheka lini?” Akakaa. Nikamletea chai akainywa yote, hata hakusema sukari ni kidogo. Alipokuwa anavaa viatu ndipo akaniuliza, uso kaugeuzia huko, “Ati, na huyo mtoto, huko mchezoni, alikuwa anasema anaendeleaje?” Nikamwambia la mchele na mama yako. Alikaa tena, mpaka magharibi.

Kwa hiyo usimwogope baba yako. Mpigie.

Sasa habari mpya, na hii ndiyo sababu nimemharakisha Hanifa. Nimeunda timu yangu.

Wa kwanza ni Kavindu. Humjui. Ni Mkamba, watu wake walihamia huko Mkongani zamani, wanalima, na yeye anauza mboga sokoni Kombani. Tulikutana kwa Munee. Mwanawe alimwachia simu nzuri, na mama huyu alipomwona Munee ananifundisha akauliza kama na yeye anaweza kufundishwa, kwa sababu wateja mchana hakuna. Hasemi sana, Kavindu. Lakini amefukuza nyani mashambani tangu utotoni, na hajui kukosa anachokilenga.

Wa pili ni Beryl, binti wa bara, anakaa mapokezi kwenye hoteli moja Diani. Huyo ni mtoto wa kisasa, kiswahili chake kimechanganyika na kila kitu, lakini vidole vyake vinaruka kama panzi. Ananiita Aunty. Siku ya kwanza tuliyocheza alituona sisi wawili tunavyokwenda akaguna, “Aunty, hii kitu itatuua.” Nikamwambia itatuua, naam, mpaka tuizoee. Na kweli ikatuua. Tulikufa sana, Sanga. Kavindu alikufa akimhudumia mteja wa sukuma wiki, simu kaiweka juu ya mizani. Beryl alikufa meneja alipopita. Tukarudi kwenye jambo moja kwa wiki, wote watatu, na wale wawili wakanikubali niwe mkubwa wao kwa sababu makosa nilikuwa nimeyafanya yote kabla yao.

Halafu likatokea jambo. Tulikuwa tumebanwa, duara linatufuata, mbele yetu nyumba. Nikafika mlangoni, na bila kukusudia, walahi sikukusudia, mdomo ukasema, “Hodi!” Beryl akaguta, “Aunty, no!” Na ndani sauti ya mwanamume ikaitika, “Karibu!”

Lakini safari hii sikuingia. Safari hii nilikumbuka adabu yenyewe ilivyo nzima. Mtu akipiga hodi hasimami kifua wazi mbele ya mlango, akawachungulia wenyewe. Husimama ubavuni, amegeuza uso, mpaka atoke mtu. Na mimi nilikuwa nimesimama ubavuni. Yule bwana akaja mbio na bunduki yake kunipokea, akakuta mlango mtupu. Kavindu alikuwa ameshaingia kwa mlango wa uani, kama mwanamke yeyote anavyoingia kwa jirani yake. Ikawa kwisha.

Kisha Kavindu, asiyesema, akasema, “Hebu rudia.”

Tukarudia. Mwanangu, ni ajabu. Sijui kama huko kwa Wazungu ingefaa, lakini kanda hii wachezaji ni wa kwetu, wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja, wa Nairobi, wote wamelelewa na mtu. Mtu amejificha kwenye giza la chumba, pumzi kaibana, ana silaha za kumaliza kijiji. Unamwambia hodi kwa sauti ya mama yake. Mdomo unaitika wenyewe! Akishaitika Beryl anajua yuko chumba gani, na Kavindu anapita uani. Mmoja alijikaza, hakusema karibu. Alisema, “Subiri kidogo.” Tulicheka mpaka tukakaribia kukosa kumwua.

Tumeingia mashindano ya kanda, Sanga. Tumeingia kwa miguu yetu wenyewe. Kile kipande walichokisambaza kunicheka ndicho kilichotupa jina. Hebu sasa fungua orodha ya makundi, yale ya Ijumaa ijayo baada ya alasiri. Tazama lenu. Mnajiita Wana wa Galu, sivyo? Wewe na Kahindi na huyo Rai, maana safari hii na nyinyi mmeingia. Tazama jina la tatu kutoka juu, ambalo najua mlilipita mkidhani ni vijana wa mzaha. Hodi. Ndio sisi.

Kisiwa kimoja, wewe na mimi, na timu moja tu ndiyo itakayosonga mbele.

Beryl atanigombeza akijua nimekuandikia mbinu yetu. Kavindu hatanigombeza, atanitazama tu, na huko ni kubaya zaidi. Lakini nimeiandika kwa makusudi, maana najua haitakusaidia kitu. Mwambie Rai, mwambie Kahindi, fanyeni mazoezi ya kunyamaza, zibaneni midomo kwa gundi mkitaka. Rai sijui kalelewa na nani. Wewe nimekulea mimi.

Salimia Kahindi sana, mwambie kile kicheko chake nakidai Ijumaa. Huku wanakusalimu baba yako Mwero, Mzee Menza wa kisimani, ambaye bado anasimulia ulivyoingia kwake bila hodi, na Munee, anayesema hatashangilia upande wowote, lakini simu yangu kaibadilishia betri na akakataa hata asante. Hanifa mpe maji akifika, ametoka mbali. Mwenyezi Mungu akuepushie joto, maradhi na msimamizi wenu, akupe riziki ya halali na akurudishe kwetu ukiwa na meno yako yote ya kuchekea.

Nimebakiza neno moja. Unajua vizuri, maana nilikufundisha mimi, kwamba hodi hupigwa mara tatu, na ukikosa jibu urudi ulikotoka bila kinyongo, labda mwenyewe hataki mgeni. Simu zangu zote za tangu mwezi wa tano zilikuwa hodi. Mara tatu zilikwisha siku ya kwanza. Basi katika adabu zote nilizokupa, hii moja mimi naivunja. Sirudi nilikotoka. Ijumaa utakuwa umejificha kwenye nyumba fulani, kimya, na bunduki yako, na utanisikia mlangoni nikisema hodi. Utaitika, Sanga. Najua utaitika kabla hujafikiri. Na ukishaitika tu, mimi nimeshapata nilichokifuata kisiwani. Risasi atapiga Kavindu.

Akupendaye, umfungulie usimfungulie,
Shangazi yako,
Twaiba